Ukipata uongozi wa kijiji, anza na daftari

Nilikaa kwenye halmashauri ya kijiji kimoja wilayani Urambo, Tanzania, kwa miaka mitano. Kama umechaguliwa juzi na unajiuliza uanzie wapi, anza na daftari la mihtasari ya mikutano.

Mwaka wetu wa pili, mkutano mkuu wa kijiji uliazimia tujenge nyumba ya mwalimu. Tukafyatua matofali, tukayachoma, tukayapanga nyuma ya shule. Kabla hata msingi haujachimbwa, ikaja amri ya simu kutoka juu: matofali yahamishiwe kwenye ujenzi mwingine. Watu waliwaka. Mwenyekiti wetu hakupandisha sauti. Alimwambia mtendaji wa kijiji alete daftari, akafunua ukurasa wenye azimio, mahudhurio na saini. Tukaomba amri ile ije kwa maandishi, tukaandika barua yetu, tukaambatanisha nakala ya muhtasari na kumpa diwani aipeleke. Barua ya kuhamisha matofali haikuja. Nyumba ilijengwa.

Katiba, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini madaraka hayo yana mipaka: chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, sheria ndogo za kijiji huidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na za wilaya huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Ukumbuke pia kwamba mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, zikaja kurudishwa baadaye. Kwa hiyo usiyachukulie madaraka haya kama kitu kinachodumu chenyewe.

Mwaka wetu wa tatu alikuja mkaguzi wa ndani wa wilaya. Michango ya saruji ilikuwa na stakabadhi nusunusu. Nilisimama nikasema anatuingilia. Nilikosea, na ninaumia nikikumbuka mama mmoja aliyekuwa amekaa pale. Alitoa mchango wake kutoka kwenye malipo ya tumbaku ya msimu mzima. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hela yangu imeandikwa wapi?" Sikuwa na ukurasa wa kumwonyesha.

Basi, amri ya mdomo iombee maandishi, kwa heshima. Stakabadhi andika palepale hela inapopokelewa, hata kama foleni ni ndefu. Na kila miezi mitatu, mkutano mkuu ukikaa, soma mapato na matumizi kwa sauti, kisha ubandike karatasi ukutani pa ofisi, usawa wa macho ya mtu mfupi.