Darasa la Zoom kimya, kwizi wote wamepata

Mwalimu mwenzangu, hapo unaposema una wanafunzi 40 Zoom, kamera zote zimezimwa, halafu kwenye kwizi wote wanapata majibu yaleyale, mi yalishanikuta. Kamera achana nazo, zinamaliza bando la wazazi bure. Mi kila baada ya dakika 10 hivi natupa swali, kila mtu anaandika jibu kwenye chati ila hakuna kutuma mpaka nihesabu tatu, hapo wa kumkopi hayupo. Kwizi yenyewe ukiitengeneza kwa Google Forms (fomu za mtandaoni), washa ile ya kuchanganya mpangilio wa maswali, ila maksi nyingi weka kwenye voisi ya WhatsApp, dakika moja tu aeleze kalipataje jibu, aliyekopi utamjua, anasoma kama taarifa ya habari 😂