Maswali na majibu: Kukimbia kwenye miteremko ya mizabibu ya Lavaux

Tangu nigusie Lavaux kwenye safu hii, maswali yamekuwa yakiingia, mengi kutoka kwa wenzetu wanaoishi Uswisi na nchi za jirani. Kwa asiyepajua, Lavaux ni miteremko ya mashamba ya mizabibu iliyo kando ya Ziwa Geneva, kati ya Lausanne na Montreux. Mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi na kushikiliwa na kuta za mawe, na tangu 2007 yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kocha, habari za kazi. Naishi Geneva, nakimbia kilomita 10 bila shida, lakini barabara tambarare tu. Kule Lavaux nianzie wapi?

Nzuri, dada. Panda treni mpaka Saint-Saphorin, kisha ukimbie kurudi upande wa Lausanne hadi Lutry. Ni njia ya kilomita kama 11, imewekewa vibao vya manjano vya waenda kwa miguu, kwa hiyo kupotea ni vigumu. Nenda asubuhi. Ukielekea magharibi saa hizo jua linakuwa mgongoni, nawe unaliona ziwa na milima ya upande wa Ufaransa bila kukunja uso.

Saint-Saphorin kwenyewe usikupite mbio. Ni kijiji kidogo cha vichochoro vya mawe, na kanisa lake limesimama juu ya mabaki ya makazi ya Warumi. Tembea humo dakika chache mwili upate moto, maana ukitoka tu kijijini unaanza kupanda. Baada ya Rivaz unaingia Dézaley, mahali ambapo watawa wa Sistersiani walifyeka mteremko katika karne ya 12 wakaanza kupanda mizabibu. Hapo ndipo penye mwinuko mkali kuliko kwingine, na nakushauri upande kwa kutembea. Sioni aibu yoyote katika hilo. Mtu anayetembea vizuri kwenye mwinuko hufika juu pumzi ikiwa bado yake, na anayelazimisha mbio hufika juu asimame.

Ukivuka Epesses na Riex, njia inatulia kidogo, na kutoka hapo hadi Lutry ni kupanda na kushuka kwa kadiri. Uzuri mwingine ni kwamba reli inapita chini kando ya ziwa: Rivaz, Epesses, Cully, Villette, zote zina stesheni. Miguu ikigoma, unashuka kijijini na kusubiri treni. Na usihesabu dakika kwa kilomita siku hiyo. Sikiliza pumzi: ukiweza kusema sentensi nzima, mwendo wako ni sahihi.

Nilikimbia huko mwezi uliopita. Kupanda sikuona tabu, ila siku mbili baadaye nilishindwa kushuka ngazi za nyumbani. Nimeumia?

Wahenga walishasema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya kuzuia mwili usiporomoke. Inavutika huku inakaza, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi za misuli kuliko kupanda. Maumivu yake hayaji siku hiyo hiyo. Huja kesho yake na kuzidi siku ya pili. Kama yako ni ya mapaja yote mawili na yanapungua taratibu, hujaumia. Kama ni goti moja, au pamevimba, huo ni mguu wa kupeleka kwa daktari.

Lavaux inazidisha jambo hili kwa sababu vijia vya mashambani vingi ni vya lami au zege, vimetengenezwa kwa ajili ya magari ya wakulima. Hakuna udongo laini wa kupokea kishindo. Kwa hiyo fupisha hatua, ziwe nyingi na nyepesi. Usiegemee nyuma, maana ukiegemea nyuma kisigino kinatangulia na kila hatua inakuwa breki. Macho yaangalie mita tatu nne mbele, mikono ilegee.

Kisha fanya mazoezi ya kushuka yenyewe. Wengi wetu tunafanya mazoezi ya kupanda kisha tunarudi chini tukijivuta. Mara moja kwa wiki tafuta mteremko wa wastani, shuka kwa mwendo mzuri sekunde 30 hivi, rudi juu kwa kutembea, rudia mara nne au tano. Misuli ikishapata maumivu hayo mara moja, mara ya pili inavumilia zaidi, na kinga hiyo hukaa wiki kadhaa. Anza wiki tatu kabla ya safari.

Mimi ni Mwislamu, situmii pombe. Watu wananiambia kule ni mahali pa mvinyo tu. Nikienda na familia tutakuwa na la kufanya?

Mtakuwa nalo tele. Njia ni ya umma, huhitaji kununua chochote wala kuingia popote. Kinachowavuta watu wengi kule ni kazi ya mikono: zaidi ya kilomita 400 za kuta za mawe, zilizojengwa na kutengenezwa tena kizazi baada ya kizazi. Simama karibu na ukuta mmoja uutazame. Utaona tundu dogo chini, limeachwa makusudi ili maji ya mvua yatoke, la sivyo ukuta ungesukumwa na kuanguka. Utaona pia ngazi nyembamba za mawe zilizochomoza ukutani, ambazo mkulima hupanda akiwa na mzigo. Waonyeshe watoto hayo.

Kama kuna mtoto wa kusukumwa kwenye kigari, msipande juu. Tumieni njia ya kando ya ziwa kutoka Ouchy, bandarini Lausanne, hadi Lutry, ni tambarare. Maji ya kunywa mtayapata kwenye mabomba ya mawe vijijini, ila yakiandikwa "non potable" msiyanywe.

Msimu gani ni mzuri? Nina likizo Julai na Septemba.

Chukua Septemba. Miteremko inatazama kusini na haina miti ya kivuli. Wenyeji husema mizabibu yao inaota jua mara tatu: la angani, linaloakisiwa na ziwa, na joto linalotunzwa na kuta. Mkimbiaji wa Julai analipata lote hilo mwilini. Ukilazimika kwenda Julai, uwe umemaliza kabla ya saa tatu asubuhi.

Mavuno huanza mara nyingi Septemba na kuendelea hadi Oktoba. Wakati huo kumbuka uko kwenye shamba la mtu akiwa kazini. Mpishe mwenye gari la makreti, hata kama unavunja mwendo wako. Utaona chuma kimoja chenye meno kinachopanda mteremko katikati ya mizabibu. Ni reli ya kigari kidogo cha kubebea zabibu, usiikanyage wala kuishika. Usipite juu ya kuta. Na usichume hata tawi moja. Jambo hili linaniuma ninapoona wakimbiaji wanalifanya kwa mzaha, kwa sababu pale kila shada limehudumiwa kwa mkono.

Nafanya mazoezi Iten, Kenya. Nimealikwa kukimbia Lausanne Oktoba. Mwinuko wa huko unatisha?

Pumzi isikutie wasiwasi hata kidogo. Ziwa liko mita 372 tu juu ya usawa wa bahari, nawe unatoka kwenye mita 2,400. Marathoni ya Lausanne kwa kawaida hupita barabara ya chini, kando ya ziwa, ikikata vijiji vya Lavaux. Hakikisha ramani ya mwaka wako. Ni barabara ya kupanda na kushuka kidogo kidogo, na ya lami mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo usitegemee udongo mwekundu pekee kwa mazoezi. Beba nguo ya mikono mirefu: kuna upepo wa baridi kutoka kaskazini-mashariki, wanauita "bise", unaweza kukushangaza asubuhi.

Sisi wa Dodoma tuna zabibu pia. Mbona hututaji?

Nawataja leo. Hombolo kuna mashamba mazuri, na mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Lavaux hawana. Ila pale ni tambarare na mchanga, si miteremko. Kimbia mashambani kwa ajili ya umbali, kwa ruhusa ya mwenye shamba, kisha siku nyingine fanya vilima kwenye milima ya mawe iliyo ndani ya mji. Anza kabla jua halijachomoza na ubebe maji yako mwenyewe, maana njiani huna uhakika wa kuyapata.