Shangazi, moto wangu huzima kabla ya wiki ya tatu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naendesha boda hapa Busia, upande wa Uganda. Nikisikia wahamasishaji redioni au mahubiri ya mwaka mpya, moyo unawaka: nitaamka mapema, nitaweka akiba, nitaacha kubeti, ninunue pikipiki yangu niache kumlipa bosi kila wiki. Redioni walisema tabia hujengeka kwa siku 21. Mimi hata hizo sizifikishi; nikikosa siku moja naacha yote. Siku hizi nikianza kumweleza mke wangu mipango, anainuka kwenda kuosha vyombo. Je, mimi ni dhaifu?*

Marahaba, mwanangu. Dhaifu si wewe. Umeniambia mwenyewe kwamba bosi hulipwa kila wiki. Jiulize kwa nini pesa yake haikosekani. Ina siku yake, ina kiasi chake, na kuna mtu anayeisubiri. Akiba yako haina hata kimoja kati ya hivyo. Inakaa moyoni tu, na moyo wa mtu aliyeshinda kwenye vumbi la malori ya mpakani, ikifika jioni, umechoka.

Basi shika jambo moja. Mimi nakuchagulia akiba, kwa sababu ndiyo yenye pikipiki ndani yake. Jioni ukishaegesha, kabla hujavua helmeti, toa shilingi 2,000 umkabidhi mkeo azitie kwenye kibubu. Helmeti ikiwa bado kichwani, siku ya kazi haijaisha. Usimweleze mpango wowote, ameshasikia mingi. Mpe tu, leo, kesho na keshokutwa. Najua 2,000 ni ndogo. Kwa mwaka ni 730,000, hainunui pikipiki. Lakini hupatikana hata siku ya mvua, na hicho ndicho ninachokitaka kwako sasa. Kiasi utapandisha mkono ukishazoea.

Nilipokuwa nauza samaki, daftari langu la mauzo lilikuwa likisahaulika nyumbani kila mara. Nikalifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Tangu hapo niliandika kila siku, na wala sikuwa nimepata ari mpya.

Hizo siku 21 zimekuumiza bure. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijifunza tabia moja ndogo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kwa wastani tabia ilizoeleka baada ya siku 66. Kuna aliyemaliza kwa 18, na kuna ambaye makadirio yake yalifika 254. Wewe ulikuwa unajihukumu kabla hata kesi haijaanza. Wakaona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengeka. Hapo ndipo unapopotea, mwanangu: hukosi zaidi ya wengine, ila ukikosa mara moja unavunja kibubu kizima.

Unamkumbuka mwanariadha wa Uganda, Joshua Cheptegei, pale Kololo, Kampala, Machi 2017? Mbio za nyika za dunia, nyumbani, umati unamshangilia, anaongoza, kisha nguvu zikamwishia mwishoni akamaliza wa 30. Nchi nzima iliona. Agosti mwaka huohuo, London, alichukua medali ya fedha ya mita 10,000. Kati ya Machi na Agosti kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyempigia makofi.

Kuhusu kubeti, kwa sasa badilisha njia tu: rudi nyumbani kwa barabara isiyopita kwenye duka lao. Kuamka mapema kusubiri.

Usiniandikie wiki ijayo kunieleza jinsi moyo unavyowaka. Niandikie siku utakayokosa zile 2,000, uniambie kesho yake jioni, helmeti ikiwa kichwani, ulifanya nini.