Kipimo cha leo hakijui mambo ya Jumamosi

Mwanangu,

Umeniuliza kama uko sawa juu kondomu ilipasuka Jumamosi usiku na yule msichana mlikutana naye kwa harusi, alafu leo Jumatatu umepima ukimwi ikatoka mstari mmoja, yaani negative. Bado hujui. Na usimalize kusoma hii kwanza, chukua boda uende hospitali uombe PEP, zile dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visishike baada ya ajali kama hii, hata hiyo ya Russia hapo Kisumu, kama kliniki wamefunga ingilia kazualti, sema wazi kondomu ilipasuka siku gani saa ngapi, usianze kuzunguka ati kichwa kinauma. PEP inaanzwa ndani ya masaa 72 na ikianzwa mapema ndio inafanya kazi vizuri, kwa hivyo usiniambie utaenda kesho baada ya kazi.

Sasa kama uko kwa foleni endelea kusoma. Hicho kipimo cha kidole kinatafuta askari wa mwili wanaopigana na virusi, na mwili huchukua wiki kadhaa kuwatengeneza, kwa hivyo kinakuambia hali yako ya kitambo, kama miezi mitatu nyuma, ya juzi hakiwezi. Hospitalini watakupima tena kwanza, hiyo ni kawaida. Dawa ni siku 28, mara nyingi kidonge kimoja kwa siku, na dawa zenyewe kwa hospitali ya serikali ni bure. Zile dawa zako za kiungulia waambie unatumia, zingine zinazuia PEP kuingia mwilini. Ukimaliza utapima, alafu tena miezi mitatu, na katikati hapo usinunue kile kipimo cha mate ujipime kwa nyumba, PEP inaweza kukichanganya.

Najua utasema hatari ya mara moja ni ndogo. Ni kweli, ni ndogo, lakini kaunti za huko ziwani ndizo ziko na virusi vingi Kenya hii, na huyo dada mwenyewe pengine hajui hali yake.

Hayo magonjwa mengine ya zinaa PEP haiyagusi kabisa. Kisonono huonekana haraka, siku mbili mpaka wiki hivi, unakojoa inachoma na usaha unatoka. Klamidia ndio mjanja, wengi hawasikii chochote, kwa hivyo hata ukijisikia mzima rudi baada ya wiki mbili upimwe mkojo. Kaswende inaleta kidonda kisichouma, mara nyingi karibu wiki ya tatu, kinapona chenyewe na ugonjwa unabaki ndani, damu yake upime tena miezi mitatu ukienda ile ya ukimwi. Na tafadhali usiende kwa kemisti ununue antibayotiki za kubahatisha, kisonono cha siku hizi kimeshazoea nyingi za hizo.

Mpaka majibu yote yatoke, kondomu kila mara, ama utulie tu, haitakuua.

Namba ya huyo msichana unayo? Mpigie leo. Yeye pia huenda anahitaji PEP, na kama hatumii kitu cha kupanga uzazi akimbilie P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, sasa hivi, nayo inazidi kupungua nguvu kila siku. Ukiona haya mwandikie meseji, lakini ajue.

Baba yako sijamwambia na sina haja. Nimekutumia ya boda kwa M-Pesa, ukishapewa hizo dawa meza cha kwanza hapo hapo alafu unipigie.

Mama