Mwezi Mkavu wa Ajenti wa Nyumba

*Maswali ya wasomaji kuhusu nyumba na ardhi. Anayejibu amekuwa ajenti mjini Nakuru kwa miaka 21.*

SWALI

Mama, salamu nyingi kutoka Kisumu. Mimi ni kijana wa miaka 29. Nauza ploti na kupangisha nyumba upande wa Mamboleo, Riat na Kibos, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Mwezi ukiwa mzuri napata hata elfu tisini, kisha miezi miwili inapita sijashika hata komisheni ya bedsita, nyumba ya chumba kimoja. Desemba iliyopita nilikopa kwa simu ili nilipe kodi ya nyumba ninayoishi, mimi ninayewatafutia watu nyumba. Mke wangu anasema tufuge kuku wa kienyeji. Rafiki yangu naye ananivuta niingie kwenye nyumba za kulaza wageni wa siku mbili tatu. Nishike lipi la kando bila kuacha kazi yangu?

*Ajenti wa Mamboleo*

JIBU

Mwanangu, hiyo Desemba yako naijua. Yangu ilikuwa Aprili 2020. Vyuo vilikuwa vimefungwa tangu katikati ya Machi, na nusu ya riziki yangu ilitoka kwa wanafunzi wa Egerton waliokuwa wakipanga bedsita kule Njoro. Nilikuwa na funguo 31 zikining'inia ukutani, kila mmoja na kipande cha karatasi ya boksi chenye nambari ya mlango. Wiki mbili simu haikulia. Ilipolia, hakuwa mpangaji. Alikuwa mwenye nyumba aliyekwama Mombasa barabara zilipofungwa, akiniomba nikamwangalizie kama bomba la jikoni lilikuwa limefungwa vizuri. Nilipofungua mlango maji yalinipokea kizingitini. Nikaita fundi, nikakausha sakafu kwa gunia, nikampigia picha. Jioni akanitumia shilingi 2,000 ambazo sikuwa nimemwomba.

Usiku huo niliketi na kalamu nikaandika kazi zote nilizokuwa nikiwafanyia watu bure ili tu wasinikimbie: kwenda kuangalia ploti, kumngoja fundi, kupiga picha, kusoma mita, kupatanisha mwenye nyumba na mpangaji juu ya dipoziti. Karatasi ilijaa. Pesa yangu ya kando ilikuwa pale pale nilipokuwa nikipita kila siku, ila sikuwahi kuitaja kwa bei. Nataka na wewe uandike karatasi yako kabla hujanunua kifaranga hata kimoja.

Kuku sina neno nao. Lakini kuku anataka mtu awepo saa zile zile mteja anapokungoja Riat. Kama mama watoto anawapenda, iwe biashara yake, daftari lake na pesa zake. Usiihesabu kama yako.

Kazi iliyonitoa kwenye shida ni kutunza ploti za watu walio mbali. Nilianza mwaka 2021 na ploti moja ya futi hamsini kwa mia huko Ngata, mali ya muuguzi anayefanya kazi Uingereza. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilikwenda kutafuta mawe manne ya mpaka. Nasema kutafuta, kwa sababu nyasi huyafunika na trekta huyang'oa. Kila jiwe nalipiga picha kwa karibu, kisha narudi nyuma hatua kumi na kupiga tena, nikihakikisha kuna kitu kisichohama ndani ya picha: nguzo ya stima, mti wa mgrevilea, paa la jirani. Mwisho narekodi video moja bila kuikata, kuanzia barabarani mpaka katikati ya ploti, nikitaja tarehe kwa mdomo.

Mwezi wa tano nilikuta kamba za fundi zimefungwa kwenye vijiti na mtaro wa msingi umefika magotini. Yule fundi hakuwa mwizi. Bosi wake alikuwa amenunua ploti ya jirani, na aliyemwonyesha alionyesha siyo. Nilimpigia muuguzi, tukaita mpima ardhi, mipaka ikasomwa na mtaro ukafukiwa siku ile ile. Ukuta ungekuwa umesimama, hapo tungezungumza habari za mahakama.

Nilikuwa nikimtoza 1,500 kwa mwezi, nauli ikiwa humo humo. Baada ya ule mtaro akanipa nambari za wenzake watano wenye ardhi huku. Kufikia mwaka uliofuata nilikuwa na ploti 14, yaani shilingi 21,000 kila mwezi, nyumba zipate wapangaji zisipate. Nazimaliza kwa siku mbili: Ngata na Kiamunyi siku moja, Lanet na Mbaruk siku ya pili. Ukizitawanya katika mwezi mzima, bodaboda atakula faida yote.

Wewe uko Mamboleo, na naamini nusu ya ploti ulizouza wenyewe hawaishi Kisumu. Anza na hao. Tena kwenu mna jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kuliona kwenye ramani, nalo ni udongo. Ukishuka kuelekea uwanda wa Kano unakutana na ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na msingi wake unakula pesa. Ukipanda Riat unakutana na mwamba. Mpigie mwenye ploti video Aprili mvua ikiwa imeshika, aone maji yanasimama wapi na barabara inapitika mpaka wapi. Huku kwetu Ziwa Nakuru lilipanda likaingia nyumba za watu Mwariki, na tangu hapo wateja wangu huuliza habari za maji kabla ya kuuliza bei. Ila mwandikie ulichokiona kwa macho, basi. Mambo ya mipaka yana mpima ardhi na mambo ya hati yana wakili.

Kazi ya pili ni kukagua nyumba mtu anapoingia na anapotoka. Katika miaka yote hii sijaona ugomvi uliorudi mara nyingi kama wa dipoziti. Mpangaji anasema sinki alilikuta na ufa, mwenye nyumba anasema aliliacha zima, na ajenti amesimama katikati hana hata picha. Mimi sasa naingia na kitabu cha kaboni. Nafungua kila bomba nikiwa nimeweka kiganja chini ya sinki, maana uvujaji mdogo huusikia mkononi kabla hujauona. Naandika namba za mita ya maji, yuniti za tokeni za stima zilizobaki, idadi ya funguo, balbu zinazowaka na vioo vyenye ufa. Wote wawili wanaweka sahihi na kila mmoja anaondoka na nakala. Mwenye nyumba ananilipa 1,000 kwa bedsita na 2,000 kwa nyumba ya vyumba viwili. Wenye nyumba wa kwanza walinung'unika. Ulipokuja ugomvi mmoja ukaisha kwa dakika tano juu ya ukurasa ule, wakaanza kunipigia wenyewe.

Ipo pia kazi ya daftari. Wastaafu na wajane wengi wenye vyumba vya kupangisha wanapokea kodi kwa M-Pesa na hawaandiki popote. Sasa sheria iko hivi: mapato ya kodi za nyumba za kuishi yakiwa kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ushuru ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokewa, na umekuwa hivyo tangu Januari 2024 uliposhushwa kutoka asilimia 10. Unalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwalimu mstaafu mwenye vyumba vinane vya 4,000 anapokea 32,000, hivyo ushuru wake ni 2,400. Mwandikie nani amelipa, lini, na nani ana deni, umpe ukurasa ulio safi kila tarehe 10. Ni pesa ndogo, mimi hutoza 150 kwa chumba, lakini chumba kikiwa wazi wewe ndiwe wa kwanza kujua. Usivuke hapo ukajifanya mshauri wa ushuru. Kuwajazia watu marejesho kwa malipo kuna leseni yake.

Nimeona pia wenzangu wakifanya mtihani wa bima, wakapata leseni na kuuza bima ya nyumba na vyombo kwa wateja wale wale. Inafaa kwa mwenye subira ya darasani. Sikuifuata.

Sasa hizo nyumba za wageni. Sitakukataza, maana Kisumu ina watu wa mikutano, wa mahafali ya Chuo Kikuu cha Maseno, na walioleta mgonjwa hospitalini. Lakini tupige hesabu ambayo pengine rafiki yako hajakupigia. Tuseme umepanga nyumba ya chumba kimoja cha kulala Milimani kwa 22,000. Maji, stima na intaneti 6,000. Hizo ni 28,000 kabla mgeni hajabisha hodi. Unamlaza mgeni kwa 3,000 kwa usiku, na kila usiku anayefua mashuka na kusafisha unampa 500. Ukipata usiku 12 umeingiza 36,000, ukatoa 6,000 za usafi, ukatoa zile 28,000. Unabaki na 2,000. Na hapo sijagusa kitanda, friji, televisheni na makochi, ambavyo havitapungua laki moja na nusu ukinunua vya kudumu. Usiku wa 12 ndio unaoanza kukulipa wewe. Mtu aliyekopa kwa simu Desemba hana mgongo wa kubeba miezi mitatu ya kwanza.

Lililo rahisi kwako ni kumtafuta ambaye tayari ana nyumba kama hiyo na amechoka. Mpokelee wageni, uwape funguo, uhesabu taulo, umwite msafishaji, ulipwe kwa kila mgeni. Baada ya mwaka utajua mwenyewe kama kazi hiyo inakufaa, na utakuwa umeijua kwa pesa za mwenye nyumba. Siku utakapotaka yako, mwenye jengo akuruhusu kwa maandishi, na uende kaunti kuuliza leseni kabla ya kununua godoro.

Kuna pesa moja ya kando nataka uikimbie, na hapa nasema kwa uchungu. Mwaka 2014 nilikuwa nikipeleka mpaka rangi mmoja kwenye nyumba za wateja wangu. Yeye alinirudishia asilimia kumi kila kazi, kimya kimya. Sikuona ubaya, kwa sababu rangi yake ilikuwa nzuri. Kumbe alikuwa akiongeza ile kumi juu ya bei ya mwenye nyumba. Mzee mmoja aliyenikabidhi milango 22 alikuja kujua. Hakunifokea. Alinyoosha mkono tu akasema, "Mama, nipe funguo zangu." Nilizihesabu moja moja mbele yake, na nilipofika ya kumi na tano macho yangu yalikuwa yamejaa maji. Tangu siku hiyo fundi akitaka kunipa kitu, nampigia mwenye nyumba kwanza na kumtajia kiasi. Wapo waliosema chukua, ni haki yako. Wapo waliosema hapana, punguza kwenye bei yangu. Wote bado ni wateja wangu.

Na hizo elfu tisini, mwanangu, usizile kama za mwezi mmoja. Kwa jinsi ulivyoeleza, ni za miezi mitatu, elfu thelathini kila mwezi. Zigawe siku ile ile zinapoingia, mbele ya mke wako. Mkopo wa simu ulipe kwanza, hata kabla ya kununua kitabu cha kaboni. Kisha Jumamosi hii wapigie wateja watatu uliowauzia ploti ambao wako mbali. Waambie utakwenda mara moja bila malipo na kuwatumia picha za mawe yao manne. Bei uitaje baada ya wao kuziona hizo picha.

SWALI

Mama, niko Kakamega, napangishia wanafunzi nyumba upande wa Lurambi na Kefinco. Kila anayetaka kuona nyumba namtoza 500. Wengine wananiita mwizi. Nakosea?

*Binti wa Lurambi*

JIBU

Binti yangu, kosa halimo katika ile 500. Limo katika kinachofuata mtu akishailipa. Ukimpeleka kwenye nyumba uliyojua imeshachukuliwa, jina walilokupa umelitafuta. Piga simu kwa mwenye nyumba asubuhi ile ile uthibitishe mlango uko wazi. Mwambie mteja bei ya kuonyeshwa kabla hajapanda bodaboda, mwonyeshe nyumba zisizopungua tatu kwa malipo hayo hayo, na akichukua mojawapo, ile 500 iondoe kwenye komisheni. Mpe risiti, hata ya kuandika kwa mkono.

Jambo lingine, kazi hii ina sheria, Sura ya 533 ya Sheria za Kenya, na Bodi ya kusajili mawakala wa nyumba. Kufanya kazi hii bila kusajiliwa ni kosa. Kama hujasajiliwa, ingia chini ya wakala aliyesajiliwa huko mjini ukafanye kazi kwa jina lake wakati unajipanga. Na dipoziti ya mwanafunzi isilale kwenye simu yako hata usiku mmoja. Aitume moja kwa moja kwa mwenye nyumba, wewe ukiwa umesimama hapo.

Niandikie muhula ukifunguliwa, unieleze wangapi walichukua nyumba katika kumi wa kwanza uliowapeleka.