Safisha marejeo siku unayoyahifadhi

Muswada wangu wa kwanza ulirudishwa baada ya siku mbili, hata haujafika kwa wahakiki. Sababu ilikuwa moja: marejeo hayafuati mtindo wa jarida. Nilikuwa nayo 43, yote kwa mtindo wa APA, yaani jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, kama tulivyofundishwa chuoni. Jarida lilitaka Vancouver, yaani namba zinazofuatana kadiri kazi zinavyotajwa, wala si kwa alfabeti. Nilikesha siku tatu nikibadilisha kwa mkono. Kisha nikaongeza aya moja kwenye utangulizi, rejeo la 9 likawa la 11, na yote yaliyofuata yakahama. Nililia, kwa kweli.

Siku hizi natumia Zotero, programu ya kuhifadhi na kupanga marejeo. Haina malipo, na kuhama kutoka APA kwenda Vancouver ni kubofya tu. Ila programu hupanga kile ulichoiwekea, na hapo ndipo wengi wanakwama.

Hivi karibuni mwanafunzi mmoja aliniletea tasnifu yake. Rejeo la 4 lilisomeka “Organization WH”. Ni Shirika la Afya Duniani hilo, World Health Organization! Programu ilidhani Organization ni jina la ukoo la mtu, mengine ikayafupisha kuwa herufi. Kwenye Zotero, geuza visanduku viwili vya jina la mwandishi viwe kimoja. Kwenye EndNote, programu nyingine ya marejeo, weka mkato mwishoni mwa jina la shirika.

Majina yetu nayo yanahitaji jicho. Tuseme mwandishi ni Asha Juma Mussa: Vancouver inataka “Mussa AJ”, lakini nimeshaona mtu wa namna hiyo akiorodheshwa kama “Juma AM”. Kwa Waethiopia ni tofauti zaidi, maana jina la pili kwa kawaida ni la baba, si la ukoo. Fungua makala yenyewe uone mwenyewe anavyojiandika. Kumkosea mtu jina ni kumnyima haki ya kazi yake.

Vichwa vya makala vihifadhi kwa herufi ndogo, isipokuwa herufi ya kwanza na majina maalumu. Programu ikitaka kuvikuza itavikuza, kuvishusha ndiyo kazi. Majina ya majarida kwa Vancouver hufupishwa: East African Medical Journal ni “East Afr Med J”. Usibuni kifupisho, kitafute kwenye katalogi ya NLM, Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani.

Maelekezo ya waandishi yasome, lakini fungua pia makala ya karibuni ya jarida hilohilo. Tazama wanaandika waandishi sita kisha “et al.” (na wengineo) au wote, na DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, wanaiwekaje.

Kabla ya kutuma, nachapa orodha kwenye karatasi na kukaa na mwenzangu. Mimi nasoma namba, yeye anaitafuta kwenye muswada. Mara ya mwisho tulikuta rejeo la 27 halijatajwa popote. Nilikuwa nimeifuta sentensi yake wiki mbili nyuma.