Jibu: Nina miaka 34, nimechelewa kuanza bharatanatyam?

Dada, umeuliza kama umechelewa kuanza bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, pamoja na binti yako wa miaka 6. Hujachelewa. Mcheza ngoma wa India, Rukmini Devi Arundale, alizaliwa 1904, akaicheza ngoma hiyo hadharani kwa mara ya kwanza 1935, na 1936 akaanzisha shule ya sanaa ya Kalakshetra huko Madras, yaani Chennai ya leo. Ila yeye alishapitia baleti kwanza, tusidanganyane.

Kitakachokutesa ni araimandi: visigino pamoja, vidole vinatazama pembeni, magoti yamefunguka nje, mgongo wima, halafu unashuka nusu ya kukaa. Mtoto hushuka tu. Wewe nyonga zitagoma. Usigeuze nyayo kuliko nyonga zinavyoruhusu, maana atakayelipa ni goti. Ukiona magoti yanaingia ndani, panda juu kidogo. Na kwa vile mnakanyaga pekupeku kwa kishindo, sakafu ya zege haifai; tafuteni darasa lenye mbao.

Mwalimu atagonga kijiti juu ya kipande cha mbao, nanyi mtarudia tatta adavu, kukanyaga tu, kwa kasi tatu, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Hapo mtu mzima hupata nafuu kwa sababu anajua kuhesabu. Kwenye abhinaya, uigizaji wa uso, ndiyo kabisa: una maisha ya kuchota.

Njuga zitasubiri. Ila arangetram, onyesho rasmi la kwanza la mwanafunzi, ulizia gharama mapema. Mavazi na wapiga ala hula pesa.